Pesa za kuokota dukani mtaa wa Langoni, Lamu, ni za nani?
Dada, hizo elfu tatu ulizookota chini ya kaunta si za tajiri wako mwenye duka, wala si bakshishi ya kugawana wafanyakazi. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamlinda mwokotaji asihesabiwe mwizi pale tu asipomjua mwenye pesa, na awe na sababu ya maana ya kuamini hapatikani. Na Lamu hii, mtu hapatikani vipi? Kwa Waislamu ni kutangaza mwaka mzima. Ila msitaje kiasi! Semeni tu kumeokotwa pesa. Anayedai aeleze ni ngapi, noti gani, zilifungwa na nini. Mkitaja, kesho foleni ya wanaodai itafika uwanja wa Mkunguni. Ziwekeni kwenye bahasha, tarehe juu, tajiri atie sahihi. Kandambili na miavuli iacheni tu pembeni, wenyewe hurudi.