Jibu: Mstari wa milivolti kwenda kulia si dalili ya mafuta

Ndugu yangu wa Hoima, umeuliza kama mstari wa SP (kipimo cha volti za asili zinazojitokeza kisimani, kwa milivolti) kukimbilia kulia mbele ya tabaka la mchanga ni dalili ya mafuta. Hapana. Kipimo hiki hulinganisha elektrodi iliyomo kisimani na nyingine iliyozikwa juu ardhini, na kinachokisukuma hasa ni tofauti ya chumvi. Maji ya mwambani yakizidi chumvi ya maji ya tope la kuchimbia (majimaji yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchimba), mstari huenda kushoto. Yakiwa matamu zaidi, huenda kulia. Kwa hiyo waulize kwanza wachimbaji: tope lilitiwa kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi? Hili ni muhimu mno! Mafuta yatafute kwenye mchoro wa ukinzani wa umeme wa miamba. Tope likiwa limetengenezwa kwa mafuta badala ya maji, kipimo hiki hakifai kabisa.