Usimwage hiyo mbolea Jumamosi (osmosisi ilivyoniulia miche 329)

Mkuu, weka keni ya kumwagilia chini kwanza.

Umeandika kwamba mdogo wako anajiandaa na mtihani, kakuuliza tofauti ya difyusheni (kitu kusambaa chenyewe kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache) na osmosisi (maji kuvuka utando) kwa mifano ya kila siku, na wewe ukamjibu kuwa "zote ni kutoka kwingi kwenda kidogo." Ukaomba tukuongezee mifano. Halafu chini kabisa, kama kitu cha kupita tu, ukasema kwa kuwa somo umelielewa, Jumamosi utaikoleza mbolea ya miche yako mara nne ili "ijisukume yenyewe kwenye mizizi." Watu wamekugongea like, wengine wamekuletea mfano wa harufu ya marashi kusambaa chumbani. Hiyo Jumamosi hakuna aliyeigusa. Mimi imeninyima usingizi, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyatamka kwa mdomo wangu, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Nilikuwa na miche 340 ya nyanya. Hela ya mbegu na mbolea nilikopa kwa shemeji, na mkopo wa shemeji hauna riba, una maneno. Mbolea ilikuwa ile ya chengachenga inayoyeyushwa kwenye maji, na pakiti imeandikwa wazi: kijiko kimoja kwa lita 10. Nikasoma. Nikacheka kidogo, kama mtu anayejua siri ambayo kiwanda hakitaki ijulikane. Nikatia vijiko 8.

Hesabu yangu ilikuwa imenyooka kama rula. Vitu hutoka kwingi kwenda kidogo. Nje ya mzizi nikijaza mbolea, ndani ikiwa chache, itaingia mbio na maji yataifuata nyuma. Nikijaza zaidi, mbio zinazidi. Ningeichora ubaoni ningepewa alama zote. Kusema kweli nilishawahi kupewa.

Jumatatu jioni nikamwagilia. Jumanne saa sita mchana majani yamelegea, shina limeinama kama mtu anayetafuta sarafu chini. Nikagusa udongo: umelowa, vidole vinatoka na tope. Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza, mmea unanyaukaje ilhali miguu yake imo majini? Sikujiuliza. Jirani mmoja akapita, akatazama sekunde mbili tatu, akatoa hukumu: "Hiyo ina njaa, iongeze chakula." Nikaiongeza. Vijiko vingine 8. Jumatano asubuhi kingo za majani zimekuwa za kahawia, ukizikunja zinavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto. Ijumaa nikahesabu miche iliyobaki hai: 11.

Sasa sikiliza hiyo 11 ilikuwa wapi. Mwisho wa tuta la mwisho. Jumatatu mbolea iliniishia nilipofika pale, nikamalizia kwa maji matupu, na Jumanne ikaishia palepale. Ilisimama wima, majani yanang'aa. Na mimi, msomi, siku ile ya Jumanne niliitazama kwa huruma nikasema masikini, hii ndiyo haikupata kitu.

Kilichotokea ni hiki. Mzizi umeundwa kwa seli, na utando wa seli hupitisha maji kirahisi kuliko unavyopitisha chumvi. Mbolea ile ikishayeyuka ni chumvi tu, jina lisikudanganye. Molekuli za maji nazo hazitulii. Zinaugonga utando kutoka ndani na kutoka nje, zinavuka pande zote mbili saa zote, na hakuna anayezivuta. Siku ya kawaida maji ya udongoni ni mepesi, karibu yote ni maji, wakati ndani ya seli kuna sukari na chumvi na makorokoro mengine yaliyoyeyuka. Kwa hiyo maji yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka, seli inajaa, inakakamaa, mche unasimama. Mche mchanga hauna mbao ndani yake. Unasimamishwa na maji yanayosukuma kuta za seli, kama upepo ndani ya tairi.

Mimi niliufanya udongo uwe na chumvi kuishinda seli. Maji yakaendelea kuvuka pande zote mbili kama kawaida, ila sasa yanayotoka yakazidi yanayoingia, na tairi likaisha upepo. Jua nalo likafanya lake: maji yanapaa, chumvi haipai, kwa hiyo kila saa inayopita kile kilichobaki udongoni kinazidi kukolea. Mimi niliyeimwagilia miche ndiye niliyekuwa naikausha.

Na hilo la mbolea kujisukuma lifute kabisa. Madini hayaingii mzizini kwa osmosisi. Osmosisi ni safari ya maji. Madini yana milango yake kwenye utando, protini maalumu, na mengi huingizwa kwa mmea kutumia nguvu zake mwenyewe, hata pale ambapo ndani yamo mengi kuliko nje. Yaani yanatoka kidogo kwenda kwingi, kinyume cha ule wimbo.

Ndiyo, kwetu ulikuwa wimbo. Mwalimu wetu wa tuisheni, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto wasio na hatia, alikuwa anagonga meza: "Kwingi kwenda kidogo! Funga daftari!" Na sisi tunafunga. Wingi wa NINI, mwalimu? Wa chumvi au wa maji? Hakuna aliyeuliza, na yeye sidhani kama alikuwa anajua. Kwa difyusheni ya kawaida wimbo unafanya kazi, kwa sababu kitu unachokihesabu ndicho kinachosafiri: sukari inatoka kwenye sukari nyingi. Ukiingia kwenye osmosisi, kila mtu akisikia "ukolezi" anafikiria chumvi, wakati chumvi imezuiwa mlangoni na anayesafiri ni maji. Mshale unageuka. Maneno ni yale yale, mshale umegeuka, na mtihani wake ulikuwa wa kuchagua a, b, c, kwa hiyo nilipata kwa kubahatisha na nikabeba ujinga wangu salama hadi shambani. Nilimwona mwaka jana. Nikamsalimia vizuri tu. Lakini shikamoo yangu ilikuwa na ukolezi mdogo.

Mfundishe mdogo wako kitu kimoja, mengine yote mwache ayasome mwenyewe. Kabla hajachora mshale wowote, ataje kwa jina kinachosafiri, halafu akihesabu hicho hicho pande zote mbili. Kwenye osmosisi: HESABU MAJI, USIHESABU CHUMVI. Upande wenye chumvi nyingi ni upande wenye maji machache. Maji yanaenda huko. Basi.

Kama hauniamini (mimi nisingejiamini, kwa rekodi hiyo), chukua kiazi leo usiku. Kikate vipande viwili virefu, unene wa kidole, urefu sawa. Kimoja kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye glasi uliyokoroga vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Nenda kafanye mambo yako saa mbili hivi. Ukirudi, jaribu kuvikunja. Cha maji matupu ni kigumu kuliko ulivyokiacha, kinakatika kwa mlio. Cha chumvi kinapinda kama kipande cha mpira, unaweza karibu kukizungushia kidole, na ukikipima na rula kimefupika. Kimelowekwa kwenye glasi nzima ya maji na kimenyauka. Mimi nilikifanya wiki moja baada ya msiba, nikakishika kile kiazi laini mkononi, nikakaa kimya muda mrefu. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Kinachouma zaidi ni kwamba jambo lenyewe si geni. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali kwenye chombo, akaufunga mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini. Kibofu kikavimba kuelekea nje: maji yalikuwa yanaingia kwenye pombe kwa wingi kuliko pombe ilivyokuwa inatoka. Yaani watu walishaona maji yanakwenda upande gani zaidi ya miaka 250 kabla sijatia vile vijiko 8.

Hesabu hiyo hiyo ya maji ndiyo inayowafanya hospitalini wasitundike dripu ya maji matupu. Ile ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, asilimia 0.9, ili chembe nyekundu za damu zisivimbe. Ukiziweka kwenye maji matupu zinajaa hadi zinapasuka, maana hazina ukuta mgumu kama wa seli ya mmea. Ukiziweka kwenye chumvi kali zinasinyaa. Na mtu aliyepotea baharini akinywa maji ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, anakufa kiu haraka zaidi, kwa sababu figo haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kuzidi bahari, kwa hiyo kuitoa chumvi ile kunamgharimu maji mengi kuliko aliyokunywa. Miche yangu ilikuwa ndiyo huyo mtu. Mimi ndiye bahari.

Waliokuletea mfano wa marashi: difyusheni ipo, lakini harufu inayofika upande wa pili wa chumba kwa sekunde chache imebebwa zaidi na hewa inayotembea, maana hewa ya chumbani haitulii hata milango ikifungwa. Difyusheni peke yake ni kobe. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Sukari iliyolala chini ya glasi, usipoikoroga na maji yakatulia tuli, inahitaji karibu siku nzima kusogea sentimita moja. Kwa umbali mdogo sana ndipo inapokuwa na mbio: mapafuni hewa na damu vimetenganishwa na utando ambao kwa wastani haufiki hata maikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), oksijeni inavuka mara moja. Kama mdogo wako anataka mfano safi wa difyusheni, ampe mwalimu huo wa mapafu, marashi ayaache.

Na yule aliyesema vidole kukunjamana ukikaa majini ni osmosisi, hapana, ingawa na mimi niliifundisha hivyo kwa watu wasiopungua wanne. Vidole ambavyo neva zake zimekatika havikunjamani hata ukiviloweka. Ni mwili wenyewe unaibana mishipa ya damu chini ya ngozi. Nawaomba radhi hao wanne.

Uliuliza pia kitu kuhusu zabibu, nadhani. Zabibu kavu inavimba majini, hesabu maji utapata jibu.

Turudi Jumamosi. Kijiko kimoja kwa lita 10, au chochote pakiti yako inachosema, tena kwenye udongo ambao tayari una unyevu, jioni. Ukiona majani yamelegea na udongo umelowa, usiongeze kitu chochote chenye jina la mbolea, hata jirani akilia. Na kama umeshamwaga hiyo ya mara nne na unanificha, mwagilia maji matupu sasa hivi, mengi, taratibu, hadi yatiririke chini kabisa ya mizizi na kuondoka na chumvi. Rudia baada ya nusu saa. Hakikisha tu maji yana pa kutokea, yasituame. Mimi nililijua hilo Jumamosi, na miche ilikufa Ijumaa.

Nijibu hapa keni iko wapi.