Swali la lugha: Taka za mionzi huwekwa, hufukiwa au huzikwa?

SWALI: Mwalimu, natafsiri makala ya Kifaransa kwa ajili ya redio yetu hapa Bukavu. Nimeandika hivi: “Ufaransa inabomoa vinu vyake vikuukuu na kuweka taka za nyuklia zenye shughuli nyingi katika stoo iliyo mita 500 chini ya ardhi huko Bure.” Mwenzangu anasema “stoo” haifai na “kubomoa” ni neno la nyumba. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Mwenzako ana haki, na kwenye “stoo” kosa ni kubwa kuliko anavyodhani.

Kilichokuponza ni neno la Kifaransa stockage, linalofanana mno na stoo yetu. Stoo ni mahali unapoweka kitu ukijua utakirudia. Sasa, sheria ya Ufaransa ya 2006 kuhusu taka za mionzi ina maneno mawili ambayo hata Mfaransa wa mtaani huyachanganya. Entreposage ni kuweka kwa muda, kwa nia ya kuja kutoa. Stockage ni kuweka mahali palipotayarishwa ili taka zibaki humo, pengine milele. Kwa hiyo stoo yako imegeuza maana juu chini: msikilizaji wa Bukavu ataelewa kwamba Wafaransa watazifuata taka zao siku moja, na hali mpango wao ni kuachana nazo.

Kwa entreposage, sema “kuhifadhi kwa muda”. Hapo hakuna ubishi. Kwa stockage, mimi huandika “kuzika”. Wapo wahariri wanaolipinga, wakisema huzikwa binadamu na takataka hufukiwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuangalie kazi yenyewe. Kufukia ni kutia kitu shimoni ukarudishia udongo juu. Neno hilo lingefaa kwa kituo cha Manche, jirani na La Hague huko Normandie, kilichopokea taka hafifu tangu 1969 hadi 1994, zikapangwa karibu na uso wa ardhi kisha zikafunikwa. Mradi wa Bure, kijiji cha mashariki mwa Ufaransa, uitwao Cigéo, ni jambo jingine. Shirika la taifa la taka za mionzi, Andra, linataka kuchimba njia ndani ya tabaka la udongo wa mfinyanzi lenye umri wa miaka milioni 160 hivi, na kulaza humo makasha ya taka, kila moja mahali pake. Ni mwanandani hasa, lile shimo la ndani ya kaburi analolazwa maiti. Tena sheria ya 2016 inadai kwamba kwa muda usiopungua miaka 100 iwezekane kuyatoa makasha hayo, na kwa hilo Kiswahili kina neno lililo tayari: kufukua. Wanaozika ndio wanaoweza kufukua kwa utaratibu.

“Kubomoa” si kosa tupu, ila linakuja mapema mno. Mtu akisikia kinu kinabomolewa huona tingatinga na vumbi, na vumbi ndicho kitu cha mwisho anachotaka mtu kwenye kinu cha nyuklia. Kwanza kinu huzimwa, fueli ikatolewa, ndipo mabomba na mitambo hukatwa kipande kwa kipande, mara nyingi kwa vyombo vinavyoendeshwa kutoka mbali. Huko Chooz, katika Ardennes, kinu kilichojengwa ndani ya pango na kuzimwa 1991, birika la chuma lililobeba fueli lilikatwa chini ya maji ili maji yakinge mionzi. Kazi hiyo ni kufumua, kama mtu anavyofumua msuko aliousuka mwingine: ukianzia pasipo pake unazidisha fundo. Kinu cha Brennilis, Bretagne, kilizimwa 1985 na hadi leo kinafumuliwa. Zege lililosafishwa likiisha kupimwa, hapo ndipo ubomoe upendavyo.

“Shughuli nyingi” imenichekesha, unisamehe. Activité katika fizikia ni wingi wa viini vinavyovunjika kwa kila sekunde. Taka hazina shughuli yoyote. Andika “taka kali”. Huko Ufaransa taka hizo ni kama asilimia 0.2 tu ya ujazo wa taka zote za mionzi, lakini zimebeba zaidi ya asilimia 90 ya mionzi yake. “Taka za nyuklia” linasikika sana redioni, lakini “taka za mionzi” ni pana na sahihi zaidi, maana huingiza pia zile za hospitali na viwandani. Mnururisho, neno jingine la mionzi, limo kamusini, liache huko.

Hukuniuliza, ila utakutana nalo katika makala hiyohiyo: fueli iliyokwisha kutumika usiiite taka. Finland na Sweden huihesabu kuwa taka, lakini sheria ya Ufaransa huiita matière, yaani mali inayotarajiwa kutumika tena, ndiyo maana hupelekwa La Hague kuchakatwa, ikatolewa urani na plutoni. Wapinzani wa nyuklia huko wanasema huo ni ujanja wa maneno wa kupunguza taka kwenye karatasi. Iwe ujanja au la, mtafsiri si hakimu. Na uandike “fueli”, si “mafuta”, kwani ni vidonge vigumu ndani ya mirija ya chuma, na msikilizaji akisikia mafuta atafikiria dumu.

Msamiati huu, kwa njia, si wa ugenini kwenu: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959.

Sentensi yako ningeiandika hivi, nikirekebisha na wakati wa kitenzi, maana Andra iliomba kibali cha Cigéo Januari 2023 na Bure bado haijapokea hata kasha moja: “Ufaransa inafumua vinu vyake vikuukuu, na inapanga kuzika taka zake kali za mionzi mita 500 chini ya ardhi huko Bure.”