Mbwa, bahari na lile jua la kurudi

Mara ya kwanza kumpeleka mbwa wangu Bosi baharini kwa miguu nilimrudisha kwa bajaji, kajilaza kama kiroba cha mkaa, ulimi nje, macho hayanitazami. Kosa langu mia kwa mia. Tulitoka nyumbani Kibada, huku Kigamboni, Dar es Salaam, saa tatu asubuhi, tukafika ufukwe wa Mjimwema jua limeshapanda, tukacheza weee, na saa sita na nusu nikasema haya, twende nyumbani. Nusu ya njia hatukuifika. Aliona kivuli cha mwembe, akaingia, akagoma. Nikavuta mnyororo mara mbili. Nilipoinama kumtazama, ufizi umekuwa mwekundu kupindukia na anatapika povu.

Mama mmoja aliyekuwa anauza maji hapo karibu hakuniuliza kitu. Alichota kopo kwenye ndoo, akammwagia tumboni na mapajani kwa ndani, kisha kwenye nyayo, akarudia tena na tena, huku akinisema: "Wewe una ndala, mwenzio anatembea na nyama." Bajaji ya kwanza ikakataa kumpakia mbwa. Ya pili ikakubali kwa nauli mara tatu, na gunia la kutandika nililipia mimi.

Tangu siku hiyo ninaamini hatari ya matembezi haya haiko baharini kama watu wanavyodhani. Iko njiani, wakati wa kurudi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu haimsaidii sana, kwa hiyo anahema na kuhema na joto linabaki ndani. Mbaya zaidi, atakufuata hata akiwa anakufa. Hasemi nimechoka mpaka miguu ikatae. Na wale wenye pua fupi zilizobonyea, usiwapeleke mbali kabisa.

Siku hizi tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa tatu tunakuwa tumesharudi. Tukichelewa, tunakaa kivulini ufukweni mpaka jioni; hakuna kurudi na jua la mchana. Nikifika kwenye lami naweka mgongo wa kiganja chini na kuhesabu mpaka saba. Nikishindwa kufika saba, hatupiti hapo, tunazunguka kwenye mchanga wa minazini hata kama ni mbali.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Wengi wetu tuliohamia pwani tunaangalia saa tu, wakati wavuvi wanaangalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku hujisogeza mbele karibu dakika 50. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua ukifika saa kumi na mbili na nusu utakuta maji yanatoka, mchanga mbichi na mgumu, mzuri mno kwa miguu ya mbwa. Ukifuata maji mpaka kwenye miamba, hapo ndipo wanapokaa wale viumbe wa baharini wa duara wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukikatikia kwenye unyayo wa mbwa ni safari ya kwa daktari wa mifugo. Upande wa pili, ukienda jioni ya bamvua, ufukwe wenyewe unakwisha. Mnabanwa kati ya mawimbi na ukuta wa mtu. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, mawimbi yakiwa makubwa, Bosi haogi bila kamba ndefu.

Maji ya kunywa beba lita mbili kwa mbwa mmoja, mbali na yako, na umnyweshe kabla hamjafika baharini. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya chumvi kama ya bomba, halafu ataharisha njia nzima.

Sasa bunju. Simaanishi Bunju ya kule njia ya Bagamoyo, namaanisha samaki. Yule anayejijaza upepo akawa kama mpira wa miba. Wavuvi wakimpata kwenye wavu humtupa mchangani, na anakauka hapo. Asubuhi moja Bosi alikuwa ananusanusa kwenye mwani, mimi naangalia simu, mara mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu akapiga kelele: "Mnyang'anye! Mnyang'anye huyo, bunju!" Nilikimbia nikamfungua taya kwa vidole. Alikuwa hajatafuna. Sumu ya bunju haina dawa ya kuizima, na hata kumpika hakuiondoi. Mbwa akimla huanza kulegea, anapooza, mwisho pumzi inakatika. Ikitokea, usikae kusubiri dalili, kimbia kwa daktari. Na simu iache mfukoni, mimi ninajisema kwanza.

Halafu kuna watu. Pwani yetu ina Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa mtu mwenye udhu anayeelekea kuswali, mbwa wako aliyelowa ni usumbufu mkubwa, hata kama hang'ati. Bosi aliwahi kumkimbilia mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe, anachekacheka na mkia wake. Nilimuwahi hatua mbili kabla. Nikasema shikamoo mzee, samahani sana. Akaitikia marahaba, akaongeza kwa upole tu: "Mfunge mwanangu, mimi nakwenda msikitini." Ule upole uliniuma kuliko matusi. Sasa mnyororo hautoki mpaka tumepita wanapoanika dagaa na wanapocheza watoto, na mtu akitokea mbali namuita Bosi nakaa naye pembeni. Maneno ya "hana neno huyu" hayamsaidii mtu anayeogopa. Picha ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ninayo kwenye simu, na chanjo yenyewe tunarudia kila mwaka.

Ukishuka fukwe za kusini zaidi, usimwache afukue. Kasa hutaga kwenye michanga hiyo, na mayai hukaa chini karibu miezi miwili. Pua ya mbwa inayafikia haraka.

Nyumbani kazi haijaisha. Chumvi ikikaukia kwenye manyoya inawasha, atajikuna mpaka atoe vidonda, kwa hiyo ni kumsuuza kwa maji baridi, kukausha masikio kwa kitambaa, kisha kupekua katikati ya vidole na nyuma ya masikio kutafuta kupe wa vichakani. Kisima chetu cha Kibada nacho kina chumvi, hivyo Bosi anasuuzwa kwa maji ya kununua. Ndoo mbili. Mke wangu anazihesabu.