Kompyuta kuukuu za msaada: tuweke mfumo gani wa bure?

Swali: Tumepewa msaada wa kompyuta 20 za mezani zilizokwishatumika, kwa ajili ya maktaba ya vijana. Nyingi zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2, nyingine 4, na zote zilikuja na Windows 7. Hatuna fedha za leseni. Mwenzangu anashikilia tutafute Linux, mfumo endeshi wa bure wenye matoleo mengi, iliyo nyepesi kuliko zote. Ni ipi hiyo?

Jibu: Mwenzako ana hoja, ila hapo sipo pa kuanzia. Mfumo mwepesi kupita yote utakuokolea sehemu ya gigabaiti moja. Kijana akifungua kivinjari na kurasa tano sita, akiba hiyo imeliwa. Siku hizi kinachoilemea kompyuta kuukuu ni tovuti zaidi kuliko mfumo endeshi.

Kwa hiyo anzeni na vyuma. Zifungueni mtazame RAM ni ya aina gani, kwa sababu ya kizazi cha DDR2 haiingii penye nafasi ya kizazi kilichofuata, DDR3. Zinazolingana, hamisheni: mashine mbili za gigabaiti 2 zitoe moja ya gigabaiti 4, na iliyobaki iwe ya vipuri. Najua inauma kupunguza idadi baada ya kupewa 20, lakini afadhali 12 zinazofanya kazi kuliko 20 zinazoganda mbele ya watoto. Na mkipata fedha kidogo tu, nunueni SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Hakuna mfumo wa bure utakaowapa kasi ambayo SSD itawapa.

Kisha pakueni Linux Mint, toleo la Xfce lenye mwonekano mwepesi, muiweke kwenye flashi na kuwasha kila mashine kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Mashine yenye prosesa ya biti 32, aina ya zamani, itakataa kuwaka na itasema sababu. Inayowaka, jaribuni sauti, skrini na mtandao. Baadhi ya kadi za Wi-Fi huhitaji kuongezewa draiva (programu ya kuiendesha kadi), na waya wa mtandao huondoa usumbufu huo.

Zilizofaulu zote ziwekeeni Mint hiyo hiyo. Menyu yake haimtishi aliyezoea Windows, kivinjari cha Firefox na LibreOffice ya kazi za ofisi zimo tayari, na matoleo ya 22 yatapata masasisho hadi 2029. Faida kubwa zaidi ni kwamba zitafanana. Atakayezitunza huenda ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine, na akishajua kutatua tatizo kwenye moja, amezijua zote. Mifumo minne tofauti, hata kama kila mmoja ni bora kwa mashine yake, itamshinda.

Za biti 32 zina njia nyembamba. Kati ya Linux zinazojulikana, Ubuntu iliacha kuzitolea toleo la mezani mwaka 2017, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Linux nyingine, antiX, imekuwa ikizitolea toleo, nayo ni nyepesi kweli. Hapo ndipo ushauri wa mwenzako unapofaa. Zitumieni kufundishia kuchapa, si kuingilia mtandaoni.

Mtasikia pia habari za ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google. Ni rahisi kutunza, lakini inataka gigabaiti 4, na bila intaneti ya uhakika haina raha.

Mambo mawili husahaulika. Diski za msaada mara nyingi hubaki na mafaili ya mwenye mali wa zamani, basi zifuteni kabisa kabla ya kusakinisha. Pia badilisheni betri ndogo ya kwenye ubao mama, aghalabu CR2032. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, kivinjari kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti, na lawama inaiangukia Linux.

Msisakinishe zote siku moja. Tengenezeni moja, akaunti ya vijana isiwe na mamlaka ya msimamizi, muwaachie waitumie wiki nzima. Rekebisheni watakacholalamikia, kisha inakilini kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenda kwenye nyingine, mkihakikisha diski inayopokea si ndogo kuliko ya asili.