Nukta ikiangukia mjini, usikimbilie kufuta

Ukianza kazi ya rekodi za spishi, yaani nukta za ramani zinazoonyesha kiumbe fulani alionekana au alikamatwa wapi, utaambiwa mapema tu: ondoa zote zilizoangukia mjini. Nami nikiwa mgeni nilitii. Nilichora duara la kilomita 10 kutoka katikati ya Kisumu, nikafuta kila kilichokuwa ndani. Ramani ikatoka safi, nikafurahi. Kisha nikamtafuta Laniarius mufumbiri, yule ndege wa kifua chekundu na utosi wa njano anayeishi kwenye mafunjo. Hayupo. Dunga nzima, kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa, ilikuwa imekwenda na duara langu, na Dunga ni mwendo wa bodaboda tu kutoka mjini. Ndege mwenyewe nilishamsikia akiita pale.

Siku hizi nauliza kwanza nukta imefikaje hapo. Ukishapakua data yako kutoka GBIF (hifadhidata ya dunia ya rekodi za viumbe), ipange kwa latitudo na longitudo, uone namba zinazojirudia. Ukikuta vielelezo kumi vya zamani, vya spishi zisizohusiana, vyote vimekaa kwenye -0.09, 34.76, kuna uwezekano mkubwa lebo ilisema “Kisumu” basi, na mtu akaja baadaye akaipa namba za katikati ya mji. Mnyama mwenyewe huenda alikamatwa mbali sana. Tena huku kwetu ikweta, desimali ya pili ni kama kilomita 1.1. Hizo ndizo za kutilia shaka. Picha ya korongo aliyesimama jaani juzi, yenye desimali tano, iache.

Ukitumia cc_urb, chujio la miji la CoordinateCleaner (kifurushi cha R cha kusafisha nukta), iambie iweke alama tu (value = "flagged"). Usipoiambia, inafuta. Halafu mipaka ya miji inayoifuata ni ya Natural Earth (data huria ya ramani za dunia), iliyotokana na picha za setilaiti za 2002 na 2003. Nakuru ya wakati ule siyo hii iliyopewa hadhi ya jiji 2021.

Kosa linaloniudhi zaidi, chujio la miji halilioni kabisa: alama ya kutoa. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo tu, ndiyo maana latitudo yake huanza na alama hiyo. Alama ikidondoka, kiboko wa ziwani anaruka kama kilomita 20 kaskazini, anatua kwenye milima ya Vihiga, na anapita bila kuulizwa chochote. Wangu nilimfumania wiki moja kabla ya kuwasilisha ripoti.