Mama mkwe Mfaransa ananikosoa mezani mbele ya watu

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nimezaliwa Columbus, Ohio, ila wazazi wangu ni watu wa Tanga. Nimeolewa na Mfaransa, na huu ni mwaka wa nne tunaishi Angers na binti yetu wa miaka sita. Kila Jumapili tunakula kwa wakwe, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja. Mama mkwe hanisifu kwa lolote. Nikikata jibini, sivyo. Mtoto akificha mkono chini ya meza anakemewa na bibi, babu na shangazi kwa zamu. Siku moja nilifungua friji nimtolee mtoto juisi, chumba kizima kikanyamaza. Mume wangu na baba yake wanabishana siasa mpaka mishipa inawatoka, kahawa ikija wanacheka, utadhani si wao. Sasa bibi anamtaka mtoto wiki mbili za Julai kwenye nyumba yao ya Bretagne, bila sisi. Naona nanyang'anywa mwanangu na watu wasionipenda. Niache kwenda?*

*Niliyechoka, Angers*

Marahaba mwanangu. Usiache kwenda. Punguza tu, na nitakwambia kwa kiasi gani. Kwanza nikutoe hofu: hao watu hawakuchukii. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wewe jembe umeshakabidhiwa zamani. Angekuja jirani tu kula siku moja akaharibu jibini, mama mkwe wako angeuma ulimi na kutabasamu. Wewe anakukosoa kwa sababu kesho na keshokutwa utakuwepo.

Hebu tuitazame hiyo jibini. Naamini ni Brie, ile pembe ndefu yenye ncha, na wewe ulikata ncha. Pale ndipo katikati ya gurudumu lote, palipo laini kuliko kwingine. Ukiondoka napo, wenzio unawaachia ganda. Inakatwa ubavuni, kipande kirefu chembamba, ili kila mtu apate katikati na ganda pia. Kwa mama yako ungeadabishwa kwa kosa hilohilo kwenye sinia la pilau: kila mtu anakula upande wake, hakuna kunyoosha mkono kuifuata nyama iliyo katikati. Mkate nao unauweka juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani yako, na unaumega kwa mkono. Majani ya saladi usiyakate kwa kisu, yakunje kwa uma. Mikono yote miwili ionekane juu ya meza, viwiko visiwepo. Wamarekani mnafundishwa kuweka mkono mmoja mapajani, kwa hiyo binti yako anakemewa kwa adabu aliyoiga kwako. Mwambie hivyo, asije akajiona mtoto mbaya.

Sifa usizingoje. Umekulia nchi ambayo mtoto akichora mstari uliopinda anapigiwa makofi. Ufaransa shule inatoa alama kati ya 20, na kwenye baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari, wastani wa 16 unatosha kuandikiwa très bien, yaani vizuri sana. Watu waliolelewa hivyo wakinyamaza na kuongeza sahani ya pili ya chakula chako, wamekusifu.

Friji ni habari nyingine, na hapo kosa ni lako. Kwa Wamarekani mgeni anatembezwa nyumba nzima mpaka chumbani, anaambiwa chukua unachotaka. Mfaransa anakupokea sebuleni na mezani. Milango mingine ikiwa imefungwa, imefungwa kwa makusudi. Hata baada ya miaka minne, omba. "Mtoto ana kiu" inatosha, na mama mkwe atainuka kwa furaha kwa sababu jikoni ni kwake.

Kumkemea mtoto wa mwenzio Marekani ni kumtukana mzazi, najua. Lakini muulize mama yako Tanga ya utoto wake ilikuwaje. Shangazi huyo wa Kifaransa hakudharau malezi yako. Anaona mtoto ni wa ukoo, na mtoto anayeaibisha mezani anawaaibisha wote. Na ule ubishi wa siasa ni burudani yao, ingia nawe. Mkwe anayekaa kimya mwaka baada ya mwaka ndiye anayewatia wasiwasi. Wakiisema Marekani vibaya, usijifanye balozi. Wajibu, wabishie, halafu pokea kahawa yako.

Sasa Julai. Likizo ya shule ya kiangazi ni kama miezi miwili, na sheria inampa mfanyakazi wiki tano za likizo ya malipo kwa mwaka mzima tangu 1982. Piga hesabu mwenyewe: pengo hilo nchi nzima inalizibia kwa bibi na babu. Watoto wanarundikwa na binamu zao kwenye nyumba ya familia, wanarudi wana magoti yenye vidonda na maneno mapya. Bibi asiyemtaka mjukuu ndiye wa kumlilia. Na nyumba hiyo ya Bretagne itazame vizuri. Sheria ya Ufaransa hairuhusu mzazi kuwanyima watoto urithi: mwenye watoto wawili, theluthi mbili za mali ni zao atake asitake, theluthi moja tu ndiyo anayoweza kuusia apendavyo (hesabu isiyo ngeni kwa Waislamu wa Tanga). Mumeo ana fungu lake linalomngoja, na baada yake binti yako. Aijue nyumba mapema.

Lakini kwa mara ya kwanza mpe wiki moja, si mbili, na umpeleke mwenyewe, ulale usiku mmoja. Simu piga jioni, usipige saa ya chakula.

Jumapili nenda mbili kwa mwezi. Ya tatu waalike kwako. Ikifika Novemba wapikie Thanksgiving, ile sikukuu yenu Wamarekani ya kushukuru, ila siku ya Jumamosi, maana Alhamisi yenyewe Ufaransa ni siku ya kazi na shule. Bata mzinga mzima mwagize kwa mchinjaji mapema, kwa kawaida wanatolewa kwa wingi Krismasi. Wakwe watachelewa dakika kumi au kumi na tano kwa adabu, usikasirike. Vyakula vyote viweke mezani kwa mpigo, kama mnavyofanya Ohio, bila kuomba radhi. Viazi vitamu vyenye marshmallow juu, zile peremende laini za sukari, watavitazama kwa hofu. Vitazameni pamoja.

Aliyenikera katika barua yako ni mumeo. Miaka minne anakuona unakosolewa mbele ya ukoo, na hakuwahi kukufundisha kukata jibini siku ya Ijumaa, jikoni kwenu, wawili peke yenu? Yeye amezaliwa na mambo hayo, anaona kila mtu anayajua. Mwambie kazi mbili. Akufundishe kabla ya kwenda, na amwambie mama yake, bila wewe kuwepo, kwamba akiwa na neno na mkewe amvute pembeni. Amwambie mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha nyumbani. Usiende wewe na chako cha darasani ukaonekana umeanzisha vita. Akikataa, mpe anwani yangu aniandikie, na yeye nina majibu yake.